Kabla hujaiachia roboti ikufagilie nyumba

Chukua roboti ya kufagia iliyofanya kazi mwezi mzima katika nyumba ya Nairobi yenye mtu aliyesukwa, uipindue, utazame ncha mbili za brashi yake kuu. Utakuta pete nyeusi imekaza kama mpira wa kufungia noti. Hizo ni nywele za kusukia, zile za pakiti. Nywele ya kichwani ikivutwa hukatika, lakini hii ya pakiti ni uzi wa plastiki na haikatiki kirahisi. Inajizungusha kwenye brashi, inasogea hadi mwisho, inaingia kwenye beringi, na msuguano unaipasha moto. Baada ya wiki chache mota ya brashi inavuta umeme kupita kiasi, roboti inasimama katikati ya sebule ikilia, na mwenyewe anasema Mchina kamuuzia takataka. Mashine ni nzima. Inataka wembe na dakika tano.

Ukitaja roboti watu hufikiria mtu wa chuma mwenye macho ya taa. Mjini hapa zipo za kubeba sahani mkahawani, na wengi huenda kupiga nazo picha zaidi ya kula. Iliyo karibu zaidi na maisha ya kila siku ni hii ya duara, upana sentimita 35 hivi, kimo sentimita 10, uzito kilo 3 na nusu au 4, inayopita chini ya kochi ikitafuta makombo. Ndiyo nitakayoieleza hapa: inavyofanya kazi, inavyokwama katika nyumba zetu, na hatari zake, ambazo karibu zote ziko kwenye waya, betri na kamera.

Inavyoona, na inavyodanganyika

Zile zenye kijumba kidogo juu hutumia leza. Kijumba kinazunguka kama mara 5 kwa sekunde, kinarusha mwanga, kinapima umbali kwa namna mwanga unavyorudi, na kwa vipimo hivyo roboti inachora ramani ya nyumba. Adui yake ni kioo. Kile kioo kirefu cha kujitazamia, kilichoegeshwa ukutani hadi sakafuni, kwa leza ni mlango wa chumba kingine. Roboti itajipigapiga hapo ikitaka kuingia, na ramani itatoka na chumba cha ziada ambacho mwenye nyumba hakulipii kodi. Bandika utepe wa karatasi kwenye kioo kwa kimo cha leza, kati ya sentimita 8 na 10 kutoka chini, na tatizo limekwisha.

Tumboni kuna vitambuzi 4 hadi 6 vya ukingo. Kila kimoja hutuma mwanga usioonekana kuelekea sakafuni na kusubiri urudi. Usiporudi, roboti inaamini kuna shimo mbele yake, inarudi nyuma. Rangi nyeusi humeza mwanga huo, kwa hiyo kapeti nyeusi kwake ni shimo. Wapo wanaobandika karatasi nyeupe juu ya vitambuzi ili roboti ikubali kupanda kapeti. Katika fleti isiyo na ngazi wala kidaraja, hilo linavumilika. Katika nyumba yenye ngazi ndani, umeipofusha na itashuka ngazi kwa kichwa. Vitambuzi vikifunikwa na vumbi dalili ni nyingine: roboti inarudi nyuma, inageuka, inarudi nyuma tena, mahali palipo tambarare kabisa, kama mlevi anayetafuta funguo. Pangusa vitambuzi kwa kitambaa kikavu kabla hujampigia fundi.

Kizingiti cha mlango kikizidi sentimita 2, nyingi hazipandi. Kapeti ya manyoya marefu, ile inayopendwa sana kwenye sebule zetu, haifagiliki kwa mashine hii. Magurudumu yanazama, brashi inajifunga. Kunja kapeti kwanza au iwekee mpaka kwenye programu ya simu. Ukisoma tangazo linalojisifu kwa nguvu za kufyonza, paskali elfu kadhaa na kuendelea, usisisimke. Kwenye sakafu ya vigae paskali 2,500 zinatosha, na kinachofagia hasa ni brashi iliyo safi.

Kuinunua: soma kibandiko kwanza

Baadhi ya roboti zinazouzwa mjini ni mitumba kutoka Marekani au Uingereza, nyingine zimeagizwa moja kwa moja kutoka China. Za Marekani zina mtego. Roboti yenyewe mara nyingi huchajiwa na chaja inayokubali volti 100 hadi 240, na hapo huna shida. Lakini zile zenye kituo kikubwa cha kuchajia kinachojifyonzea taka chenyewe zina mota ya umeme wa nyumbani ndani ya hicho kituo, na mota hiyo ni ya volti 120 tu. Ukiichomeka kwenye soketi yetu ya 240, utasikia mlio mmoja na utanusa kitu kinaungua. Pindua kituo usome kibandiko. Kama kimeandikwa 120V pekee, unahitaji transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo wa wati 1,500 hivi, maana mota hiyo huvuta wati zinazokaribia 1,000 kwa sekunde chache. Transfoma ya namna hiyo ni nzito na ina bei yake. Heri uiache roboti hiyo dukani.

Za soko la China hazina tatizo la volti. Shida yake ni kwamba nyingi hukataa kuungana na programu mpaka uchague China kama eneo lako, na sauti yake ni ya Kichina mpaka mtu ahangaike kuibadilisha.

Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji azime Wi-Fi, kisha ubonyeze kitufe cha kufagia kilicho juu ya roboti. Isipoanza bila intaneti, rudisha pesa mfukoni, na sababu utaiona mbele. Iweke juu ya meza uiwashe, mikono yako ikiwa tayari ukingoni: inapaswa kugeuka yenyewe kabla ya kuanguka. Inyanyue ikiwa inatembea: brashi na magurudumu yanapaswa kusimama mara moja. Halafu iache ifanye kazi dakika 20 mfululizo. Betri iliyochoka huanza kwa mbwembwe na kuzima kabla ya dakika 10.

Na tokeni za umeme? Betri ya kawaida ni ya volti 14.4 na mAh 5,200, yaani saa-wati 75 hivi. Ukiongeza unaopotea kwenye chaja, kuijaza mara moja hakufiki sehemu moja ya kumi ya yuniti. Hata ukihesabu yuniti kwa shilingi 30, ni chini ya shilingi 3. Pasi ya nguo inakula zaidi ya hapo katika dakika kumi.

Sakafu kabla ya kubonyeza kitufe

Roboti hufagia takriban mita mraba moja kwa dakika, kwa hiyo fleti ya vyumba viwili vya kulala itachukua saa moja hivi. Saa hiyo imetanguliwa na dakika kumi za mtu kuinama, na atakayekuuzia hatakuambia hayo. Leso iliyoning'inia kitandani, soksi, kamba za viatu, vipande vya midoli, ncha za mapazia: vyote viinuliwe. Waya ndio hatari zaidi. Brashi ya pembeni hunasa waya wa chaja, brashi kuu inaumeza, na mashine ya kilo 4 yenye magurudumu ya mpira ina nguvu ya kutosha kuvuta kilicho upande wa pili. Kikiwa ni simu, simu itaanguka. Kikiwa ni pasi iliyoachwa ubaoni ikiwa ya moto, hilo ni jambo jingine kabisa. Kebo ndefu yenye soketi nyingi isilazwe sakafuni, na hasa kama roboti yako inapiga deki. Ipigilie ukutani au uifunge mguuni mwa meza.

Jikoni pana jambo ambalo sijaona likitajwa na wauzaji. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja kwenye mpira wa mtungi wa kilo 13, haipandi darini. Inatambaa sakafuni na kukaa humo, na ikifika asilimia 2 tu ya hewa inaweza kuwaka. Sasa fikiria roboti iliyopangiwa kuanza yenyewe saa nne asubuhi, nyumba imefungwa, madirisha yamefungwa. Mota ndogo zenye brashi za kaboni hutoa cheche ndani yake, na roboti inatembea palepale gesi ilipolala. Kuiwekea mpaka usioonekana kwenye mlango wa jikoni hakusaidii, kwa sababu gesi haisomi ramani. Funga regyuleta ya mtungi kila ukimaliza kupika, na usipange roboti ianze nyumba ikiwa haina mtu. Mtu aingie kwanza, anuse, afungue dirisha, ndipo abonyeze. Unapoteza raha ya kukuta nyumba safi ukirudi kutoka kazini, sawa, lakini mimi naona bei hiyo inalipika.

Chooni na bafuni usiipeleke. Roshani nayo ifungwe, maana mwanya wa maji ulio chini ya vyuma unaweza kutosha kupitisha mashine yenye kimo cha sentimita 10, na chini kuna watu.

Stima ikipotea

Kituo cha kuchajia hutuma ishara ya mwanga inayoiongoza roboti irudi nyumbani. Stima ikikatika, au tokeni zikiisha, kituo kinanyamaza. Roboti iliyo kazini haijui kilichotokea kwa sababu ina betri yake. Inamaliza kufagia, inaanza kutafuta kituo, haikioni, inazunguka mpaka inaishiwa nguvu chini ya kitanda. Yenye leza inaweza kukumbuka kituo kilipo na kufika, lakini itakuwa imeegemea chuma kisicho na umeme. Usiku mmoja hauna madhara. Ukienda ushago Desemba ukaiacha hivyo wiki tatu, betri inashuka chini ya kiwango ambacho saketi yake ya ulinzi inakubali, inajifunga, na haitachaji tena. Kabla ya safari ichaji hadi nusu au robo tatu, kisha izime kwa ile swichi halisi iliyo pembeni au chini yake. Kuizima kwenye simu pekee hakutoshi.

Umeme unaporudi kwa kishindo ndipo chaja nyingi hufa. Kifaa kilekile unachokingia televisheni, kinachosubiri dakika chache kabla ya kuachilia umeme, kinafaa hapa pia. Usichangie soketi moja na friji.

Kuhusu Wi-Fi, roboti nyingi zinaelewa masafa ya 2.4 GHz peke yake, ilhali rauta za faiba siku hizi huunganisha 2.4 na 5 chini ya jina moja. Ndiyo sababu roboti inakataa kuungana ingawa nywila ni sahihi. Ingia kwenye mipangilio ya rauta uyatenganishe, au washa mtandao wa wageni wa 2.4 na uiweke roboti humo peke yake. Njia hii ya pili ni bora, kwa sababu hata mtu akiidukua roboti hatafikia kompyuta yako. Kama unatumia Wi-Fi ya ploti, ambayo nywila yake inajulikana kuanzia keateka hadi mpangaji aliyehama mwaka jana, itumie roboti bila intaneti. Itafagia vilevile.

Huduma ya kila wiki

Kwa vumbi jekundu la miezi ya kiangazi, hasa nyumba inayopakana na barabara ya murram, ratiba ya kitabu cha maelekezo haitoshi. Zima kwa swichi. Toa kisanduku cha taka, ambacho hubeba nusu lita au chini ya hapo, kimwage na ukigongegonge. Chujio likung'utwe kwa upole juu ya gazeti. Lioshwe tu kama limeandikwa linaoshwa, na likishaoshwa likae saa 24 likauke. Hapa ndipo wengi wanaponyongea mashine: chujio linaguswa, linaonekana kavu, linarudishwa likiwa na unyevu ndani, vumbi linageuka tope, hewa haipiti, mota ya kufyonza inachemka.

Chomoa brashi kuu. Pitisha wembe au mkasi kwenye ule mfereji ulioachwa kwa kazi hiyo, kata nywele zilizojizungusha, kisha toa vifuniko vya ncha uondoe ile pete. Usizivute bila kukata, zinang'oa mpira. Gurudumu dogo la mbele hutoka kwa kuvutwa tu, na ndani yake pana fundo la nywele na nyuzi za kapeti. Gurudumu hilo likikwama linakwaruza vigae, na roboti inaanza kwenda upande. Malizia kwa kupangusa vile vyuma viwili vya kuchajia kwa kifutio cha penseli. Chujio jipya kila miezi 2 au 3, brashi ya pembeni kila miezi 3 hadi 6, brashi kuu ikifika mwaka imejitahidi.

Upande wa maji, tangi lake hubeba mililita 200 hadi 300. Maji ya kisima kirefu, haya tunayoyaita ya chumvi, yakikauka huacha weupe unaoziba vitundu vya kudondoshea. Maji ya kunywa ya mtungi wa lita 20 yatakutosha karibu mara 80, kwa hiyo si gharama. Usitie Jik, itakula mpira na vyuma. Usitie sabuni ya unga, povu litaingia kwenye pampu. Kitambaa kilicholowa kikiachwa chini ya roboti hadi kesho yake kinanuka, na harufu hiyo utaisambaza nyumba nzima kwa usahihi wa leza.

Anayelala chini

Mwaka 2015, mjini Changwon, Korea Kusini, mwanamke aliyekuwa amelala sakafuni alinaswa nywele na roboti yake ya kufagia, ikabidi waokoaji waitwe kumtoa. Brashi haijui tofauti ya uzi wa kapeti na nywele ya mtu. Kwetu mtoto hulazwa kwenye mkeka sebuleni, mgeni hutandikiwa godoro chini, na rasta ndefu humwagika nje ya mto. Vitambuzi vya mbele huona kitu kigumu na kirefu kwenda juu. Nywele zilizotandazwa hazihesabiki. Sheria iwe moja: mtu yeyote akiwa amelala chini, roboti imezimwa, siyo imesimamishwa kwa muda. Ikiwa imekwisha mnasa mtu, usivute. Bonyeza kitufe, zima swichi, fungua kifuniko cha brashi, zungusha brashi kinyume kwa mkono, kata kinachobaki.

Jicho lililo mbele

Miundo ya bei ya juu ina kamera ya mbele ya kutambua waya na viatu. Mwaka 2022 jarida la MIT Technology Review lilieleza jinsi picha zilizopigwa mwaka 2020 na roboti za majaribio za iRobot, kampuni inayotengeneza Roomba, zilivyofika kwenye makundi ya mitandaoni. Mojawapo ilimwonyesha mwanamke akiwa chooni. Hakukuwa na mdukuzi. Picha zilikuwa zimetumwa kwa wafanyakazi wa mbali, nchini Venezuela, waliolipwa kuzichorea mipaka na kuandika hiki ni kiti, hiki ni kikapu, na wengine wakazisambaza. Kampuni ilisema waliozitumia roboti hizo walikuwa wamekubali kurekodiwa. Mtu wa Nairobi anaielewa kazi hiyo vizuri, maana vijana wetu wengi wameifanya, kuchora visanduku kwenye picha za sebule za watu wasiowajua, kwa malipo ya senti. Roboti inayoonekana kuwa na akili imefundishwa na macho ya binadamu, na macho hayo yanaweza kuwa mtaa wa pili.

Mwaka 2024 mambo yalikuwa mabaya zaidi. Watafiti walionyesha kwamba roboti kadhaa za Ecovacs, kampuni ya China, zingeweza kutekwa kwa Bluetooth kutoka umbali wa hadi mita 130, na mwaka huohuo katika miji kadhaa ya Marekani roboti za muundo wa Deebot X2 zilidukuliwa zikawatukana wenye nyumba kwa matusi ya ubaguzi wa rangi kupitia spika zake. Mita 130, katika mitaa ya maghorofa kama Pipeline au Kilimani, ni majirani wasiohesabika.

Kwa hiyo: kama hujanunua, chagua ya leza bila kamera. Inafagia vilevile. Kama umenunua yenye kamera, kataa ruhusa ya maikrofoni kwenye simu, zima chaguo la kutuma picha kwa ajili ya kuboresha huduma, weka nywila ambayo hujaitumia kwingine, pakua masasisho, na roboti ikirudi kituoni ielekeze jicho ukutani. Yenye kukumbatia ukuta haioni kitu.

Halafu kuna dada wa kazi, ambaye ndiye hukaa na mashine hii mchana kutwa. Katiba ya 2010, ibara ya 31, inampa haki ya faragha kama wewe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inaachilia nje matumizi ya nyumbani ya mtu binafsi, kwa hiyo usisubiri afisa aje kukukumbusha uungwana. Mwambie kuna kamera, mwonyeshe inavyozimwa, na chumba anacholala kifutwe kwenye ramani. Kumwekea roboti kama mpelelezi kimyakimya ni aibu.

Wanaodhani mashine hii itamwondoa dada kazini hawajawahi kufua wala kuosha choo. Roboti haiinui kiti, haipandi ngazi, inaacha sentimita 2 au 3 za kila pembe, haigusi vyombo wala madirisha. Inachofanya ni kumpunguzia kuinama na kumwongezea kazi ya ufundi ambayo haimo kwenye makubaliano yenu: kukata nywele, kukung'uta chujio, kuikomboa chini ya kabati. Mfundishe, mpe mkasi wake. Na ikiharibika, usimkate mshahara. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inaruhusu makato kwa hasara iliyotokana na kosa la kukusudia. Beringi iliyojaa nywele za kusukia haina makusudi ya mtu.

Kampuni ikifa

Ile ahadi ya kueleza kwa nini ubonyeze kitufe bila intaneti ni hii. Neato Robotics, iliyokuwa na jina kubwa katika roboti za leza, ilifungwa na wamiliki wake mwaka 2023. Wateja waliahidiwa kwamba seva, yaani kompyuta za kampuni zinazoendesha programu ya simu, zingeendelea kwa miaka 5. Mwaka 2025 wakaambiwa zinazimwa. Programu ya simu ikafa, ramani na ratiba zikaenda nayo, kikabaki kitufe cha juu. Mitumba haikomi kuingia nchini eti kwa sababu seva imezimwa, kwa hiyo muuzaji anaweza kukukabidhi kwa nia njema kabisa roboti ambayo nusu ya akili yake imeshazikwa.

Betri ya Luthuli

Baada ya miaka miwili au mitatu betri itachoka. Pakiti ya volti 14.4 na mAh 5,200 kwa kawaida ina seli 8 za aina ya 18650: nne kwa mfululizo, mbilimbili kwa sambamba. Luthuli Avenue, barabara ya maduka ya vifaa vya umeme hapa Nairobi, utapata mafundi wa kuijenga upya, wengine hodari sana, na utapata pia seli zilizoandikwa mAh 9,900. Hakuna 18650 ya namna hiyo. Nzuri za kawaida huishia karibu 3,500. Njia ya haraka ya kutambua ni mizani: seli halisi ina uzito wa gramu 45 hivi, ya uongo mara nyingi ni gramu 30 au pungufu, maana ndani mmetiwa kijiseli kidogo na hewa. Seli zote 8 ziwe mpya na za aina moja. Fundi aziunganishe kwa vipande vya nikeli na mashine ya kuchomelea nukta; akigusisha chuma cha moto cha kuyeyushia risasi moja kwa moja kwenye seli, joto linaiumiza kwa ndani na wewe hutaona kitu. Saketi ya ulinzi irudishwe. Fundi anayesema "hii si lazima" mshukuru, uchukue pakiti yako uende duka la pili.

Chaji ya kwanza baada ya kubadilisha uisimamie mwenyewe, kwenye sakafu tupu, mbali na pazia na mbali na mlango wa kutokea. Guza baada ya nusu saa. Vuguvugu ni sawa, moto wa kukufanya uondoe mkono si sawa. Ukisikia harufu tamu kama ya kiondoa rangi ya kucha, chomoa kwenye soketi. Moshi ukianza, usiubebe mzigo huo mikononi kuupeleka nje. Toa watu, funga mlango, piga 999 au 112.

Pakiti ya zamani isiingie kwenye mfuko wa taka. Lori hubana taka, seli hupasuka ndani ya lori, na zile zinazofika jaa la Dandora zikiwa nzima huvunjwa kwa jiwe na mtu anayetafuta shaba. Funika vyuma vya ncha zake kwa utepe wa plastiki, itie kwenye kopo kavu, uipeleke kwa wanaokusanya taka za kielektroniki, kama WEEE Centre hapa Nairobi. Brashi na chaja iliyokufa vipeleke safari hiyohiyo.